Mizinga Iliyoshushwa kwa Ajili ya Wageni

Marehemu Justus Luhende alizaliwa tarehe 14 Mei 1932 huko Ipole, kusini mwa Tabora, mtoto wa pili wa Mzee Luhende Masolwa, mrina asali, na Mama Marcelina. Alikulia chini ya mizinga ya magome iliyotundikwa juu mitini. Mtoto wa Ipole hujua hata kabla ya kusoma kwamba mzinga hauwekwi karibu na ardhi, maana nyegere atauvunja. Justus naye alijua.

Alisoma shule ya misheni, kisha shule ya kati mjini Tabora, akahitimu mafunzo ya misitu mwaka 1955. Wenzake walimwita "Subiri", kwa kuwa hakukubali jibu lolote kabla ya kulijaribu tena.

Tarehe 8 Agosti 1959 alifunga ndoa na Eustadia. Siku ya posa alipeleka asali. Mkwewe alipouliza imetoka wapi, Justus alieleza mti, ua na msimu mpaka chai ikapoa. "Huyu anaoa au anafundisha?" mama mkwe akanong'ona.

Mwaka 1964 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha asali na nta mjini Tabora, na mwaka 1971 akakabidhiwa idara ya utafiti na majaribio. Kichujio kipya cha nta kilitoka mikononi mwa watu wake. Mwaka 1976 alianzisha Ipole jaribio la mizinga ya mbao, la misimu miwili. Kwa kumwamini mtoto wao, wanakijiji waliacha mizinga yao ya magome, wakatundika ya kiwanda.

Kabla ya msimu wa kwanza kwisha, meneja mkuu alileta wageni.

"Ndugu Luhende, mimi na kaunda suti hii nipande mti? Ishushe, waione."

Iliwekwa juu ya vichanja vifupi kando ya barabara. Mzee Ngollo, baba yake mdogo, alipita akacheka.

"Mwanangu, na nyegere umemwalika?"

"Ni kwa muda tu, baba mdogo. Wageni wakiondoka tutaipandisha."

Waliondoka hao, wakatangazwa wengine. Mizinga ikabaki chini. Nyegere walikuja, wakavunja, wakala. Nyuki waliosalia wakahama. Mwaka ule Ipole haikuwa na asali ya kula wala ya kuuza.

Kikaoni meneja mkuu alisema wanakijiji ni wazembe, hawakulinda mali ya umma. Akamgeukia mkuu wa utafiti.

"Sivyo, Ndugu Luhende?"

"Ndivyo, ndugu meneja."

Jaribio likafungwa kwa sababu hiyo. Ipole ikaitwa kijiji cha wazembe hata redioni, na Justus akapandishwa cheo kuwa meneja wa utafiti. Tangu siku hiyo hakuonja asali. Idarani aliweka sheria kwamba jaribio halina mgeni rasmi, na aliisimamia kwa ukali hadi alipostaafu mwaka 1982. Lakini Ipole hakukanyaga tena. Hata dada yake Paskazia alipomwoza bintiye, alituma zawadi, mwenyewe asitokee.

Mapema mwaka 1983 aliugua figo, akalazwa mara kadhaa. Alimwambia mkewe, "Nizikeni mjini. Kule sina uso." Mzee Ngollo alipopata habari, alikuja na baiskeli hadi kitandani kwake.

"Shikamoo, baba mdogo," Justus alisema, akatazama ukuta.

"Marahaba. Nyegere walikula asali, mwanangu. Ukoo hawakuula. Utazikwa nyumbani."

Marehemu aliuacha ukuta, akamgeukia.

"Basi msisome kwamba nilikuwa meneja hodari, mkaishia hapo. Someni na la mizinga, mbele ya watu wa Ipole. Semeni hawakuwa wazembe. Niliwasingizia mimi."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 8 Novemba 1983, alfajiri. Ameacha mjane, Eustadia, watoto wanne, wajukuu sita, dada yake Paskazia, na baba yake mdogo, Mzee Ngollo, ambaye jana aliongoza vijana wa Ipole kuchimba kaburi hili.

La mizinga limesomwa, kama alivyoagiza. Sasa Justus apumzike kwa amani, nyumbani.