Winifred Mukankusi, Aliyepanda Chini ya Mibirizi (1961–2025)

"Mume nimemzika. Mche sijawahi kuzika." Maneno hayo marehemu aliyasema mbele ya watu zaidi ya mia, kwenye mkutano wa baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, hapa Gatsata, Jumamosi tarehe 30 Novemba 2019. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Winifred Mukankusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Nkwenda, Karagwe, mtoto wa kwanza wa wakimbizi waliofika na ng'ombe wawili na blanketi moja. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1976. Ada ya kuendelea haikupatikana, akaajiriwa kwenye kitalu cha miche cha misheni. Huko alijifunza kwamba kwenye ardhi mbaya mche haupandwi peupe. Unapandwa ubavuni mwa kichaka kilichokwisha kuzoea shida.

Mwaka 1984 aliolewa na Mugenzi, seremala, wakapata Umuhoza na Gatera. Walirudi Rwanda 1996, wakajenga chini ya mteremko wa mawe na udongo mwekundu, ule ambao kila masika uliingia kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi. Mugenzi alifariki 2009. Marehemu akafungua kitalu, na mteremko akaufanya kazi yake. Kila mche wa umusave, mti wa mbao, aliuingiza chini ya mubirizi mkubwa, kile kichaka cha majani machungu, penye kivuli, majani yaliyooza na unyevu unaobaki hata Julai.

Jirani yake Béatha alimuuliza, "Mama Umuhoza, mti unaupanda vichakani, utauona lini?"

"Wewe ulipozaliwa walikulaza barabarani ili uonekane?"

Béatha yupo hapa, atathibitisha.

Juni 2022 marehemu alikwenda Karagwe kwenye msiba. Mimi, Ntare, mtoto wa mdogo wake Gwiza, nilikuwa nimeacha diploma ya kilimo katikati. Nusu niliyoisoma ilisema magugu huunyang'anya mche maji. Nusu nyingine sijui ilisemaje. Siku ya umuganda niliwaongoza vijana, tukafyeka mteremko mzima. Ukang'aa, na mjini kwetu tunapenda panapong'aa. Kufikia Agosti, miche themanini na mitatu ilikuwa imekauka. Aprili iliyofuata udongo ulishuka, ukabomoa jiko la Béatha. Tunamshukuru Mungu halikuwa na mtu.

Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Aliing'oa ile miche mikavu mmoja mmoja, akaniambia, "Sasa nimezika." Kisha akaanza upya na vijiti vya mibirizi, watu wakisema mama wa watu anapanda magugu. Novemba 2023, mibirizi iliposhika, akarudisha miche chini yake.

Februari 2024 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Daktari alimkataza kupanda mlima. Kila jioni alikaa mlangoni akinihoji.

"Hujakata?"

"Sijakata, Mama Mkubwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Halafu alimtuma Béatha akahakikishe. Alifariki Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake. Mvua ilikuwa bado.

Alhamisi Mjomba Shyaka alituambia, "Fyekeni pale juu, wageni wa Karagwe watasema dada yangu aliishi porini." Mjomba, kwa heshima zote, hao wageni wanatoka mibirizi ilikojaa, hawatashangaa. Fyekeo unalolitafuta tangu siku hiyo nimelificha mimi. Mvua iko mbali wiki mbili, labda tatu. Vichaka vikitoka leo, jua litafanya lile lile lililofanya kwa mkono wangu, na safari hii hayupo wa kuanza upya. Nasema hapa mbele ya watu ili unikatalie mbele ya watu.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, wadogo zake Shyaka na Gwiza, mimi, na miche arobaini na mmoja iliyo hai, mirefu kati yake inafika kiunoni. Udongo aliouzuia miaka yote hiyo, leo umpokee taratibu.

Mashada ya plastiki alisema hayataki. Mvua ikianza, anayetaka kumkumbuka aje apande chini ya mubirizi. Mche wa umusave ni faranga mia tatu.