Mpini wa Mwalimu Levi

Jumamosi hii, ndani ya basi la kutoka Garsen kwenda Hola, mwalimu wa michezo aitwaye Levi alikuwa akimlalamikia mama mmoja muuza maembe aliyekutana naye humo humo, kwenye kiti cha mbele yangu. Bastola ya shule ya kuanzishia mbio ilivunjika mpini. Fundi wa Malindi, anayechonga mipini nyumbani kwake, aliahidi wiki mbili. Huu ni mwezi wa tatu, na mashindano ni Jumatatu.

“Kwani filimbi zimekufa, mwalimu?”

“Mama, wale watoto wakisikia filimbi husimama. Wanadhani ni refa wa mpira.”

“Na fundi anasemaje?”

“Eti huutuma kwa basi kila Jumamosi, na jioni hurudishiwa. Mwongo! Kila Jumamosi nami nashuka Garsen kuulizia mzigo, siuoni.”

Mama alimenya embe polepole. “Ulimwambia autume wapi?”

“Kwangu, Hola.”

“Na Jumamosi, Hola huwa kuna nani wa kuupokea?”

Mwalimu aliitazama tiketi yake ya kutoka Garsen. Mimi, niliyewahi kumngoja bibi harusi wangu kwenye kanisa lisilo lake, nilitazama nje nisije nikacheka.

“Hata hivyo, alichelewa,” mwalimu akasema.

“Wiki zake ni mbili. Zilizobaki ni zako, baba.”

“Ni zake zote!”

Tulipoingia Hola, basi la kurudi Malindi na mizigo isiyopokelewa lilikuwa limeshawasha injini. Mwalimu aliruka kabla letu halijasimama, akalikimbilia. Mama akatoa mikono dirishani, akapiga kofi moja kubwa: “Pa!”