Maji Yaliyowaka Kitangari

Shikamooni mama zangu. Na ninyi wa rika langu, poleni na jua. Mimi ni Mama Salima, fundi redio wa Newala. Ni Mwislamu, nanyi mmenikaribisha kwenye ukumbi wa kanisa hapa Lulindi niseme yaliyonipata. Nashukuru. Majina ya watu sitayataja, maana wengine bado tunakutana sokoni.

Mmesikia kwamba niliwahi kuchoma maji. Ni kweli, niliyachoma. Sikuja hapa kukana.

Nilisoma kwenye simu kwamba mawimbi ya redio yakielekezwa kwenye maji ya chumvi, hutoka hewa inayoshika moto. Nikasema, redio si ndiyo kazi yangu? Kulikuwa na mtambo wa zamani wa mawasiliano unaotupwa, nikauomba, nikapewa. Nikasuka upya nyaya za shaba nilizozitoa kwenye mota zilizoungua. Miezi ikapita. Siku moja mawimbi yakaniunguza kidole hiki, mnakiona kilivyopinda. Ngozi ya juu ilikuwa nzima, nyama ya ndani imeiva. Nilifunga kitambaa, nikaendelea.

Mchana mmoja nikaweka maji ya chumvi kwenye kichupa cha kioo, nikawasha mtambo, nikasogeza kiberiti. Moto ukasimama juu ya maji, wa manjano kwa ile chumvi, mrefu kama kidole. Nililia. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akituletea maji kwa baiskeli, alitazama, akauliza kama ndoo zote zitaishia humo. Lakini na yeye alikuwa anacheka kwa furaha.

Habari ikaenea. Akaja mfanyabiashara mmoja, ndiye aliyekuwa mwenye chumba cha duka langu. Akasema bahari yote ya Mtwara ni mafuta, tumelala tu. Akaanza kunipeleka vijijini nionyeshe moto. Watu walinipigia vigelegele, wazee wakanipa kiti cha mbele. Ndugu zangu, nawaambia, kusifiwa kunalewesha. Mimi nililewa.

Sasa hapa ndipo nilipoanguka, na nitasema wazi. Kabla ya safari ya pili nilifanya jaribio peke yangu. Nilijaza petroli lita moja kwenye jenereta linaloendesha mtambo, nikaweka kikombe kimoja cha maji ya chai juu ya ule moto wangu. Petroli ikaisha, jenereta likazimika, na maji ya chai hayajachemka. Nikarudia, yakawa yale yale. Nikajua kwamba mtambo unakula moto mkubwa ili utoe moto mdogo. Maji si mafuta. Ni petroli ile ile inayozunguka njia ndefu na kupotea njiani.

Nilimwambia yule bwana. Akanijibu kwamba watu hawahitaji kujua mambo ya ndani. Nikanyamaza. Hakunitishia, sikulazimishwa. Nilinyamaza kwa sababu nilikipenda kile kiti cha mbele.

Tukafika Kitangari. Ninyi mnaijua shida ya maji ya kule juu. Wanakijiji walikuwa wametenga kiwanja cha kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua, mawe wameshayasomba kwa vichwa vyao. Yule bwana akawaambia wampe kiwanja kile aweke kituo cha mafuta ya maji, na wanawake hawatakwenda kuni tena. Wakakubali. Siku ya kukabidhi, jenereta akaliweka nyuma ya jengo la ofisi ya kijiji, akasema ni la spika tu. Nikawasha moto. Wakashangilia.

Mama mmoja mtu mzima akainuka. Akanisalimu vizuri, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo inayonguruma huko nyuma inakunywa nini?"

Yule bwana akaanza kujibu. Mama akamwambia, "Nimemuuliza fundi."

Nilitazama yale mawe. Nikasema, "Petroli, mama."

"Ikizimwa?"

Nilizunguka nyuma ya ofisi, nikalizima kwa mkono wangu. Niliporudi, moto ulikuwa umekufa. Nikawaeleza habari ya kikombe cha chai. Nikawaambia nilijua, na nilinyamaza.

Kiwanja hakikutolewa. Lakini msidhani nilibebwa mabegani. Yule bwana alinitoa dukani wiki ile ile na mtambo akauchukua. Wengine waliniita tapeli, na nusu yake ilikuwa haki yangu. Watoto wakaniita Mama Petroli. Masika yote nilikaa ndani, sikushika hata bisibisi. Salima, binti yangu, ndiye aliyekuwa akienda sokoni.

Kisha yule mama wa Kitangari akaja hadi Newala, ameshika redio yake imefungwa kwa kanga. Alisema imekufa, na yeye hampi mtu mwingine. Nikamwambia mimi si wa kuaminika. Akasema, "Mtu aliyejizimia moto wake mbele za watu, mimi namwamini na redio yangu." Niliitengeneza akingoja. Kesho yake mume wangu akaniwekea meza barazani, nikaanza upya. Tangi nalo lilijengwa. Na mimi nilisomba mawe.

Kwa hiyo namshukuru mama yule, namshukuru mume wangu na Salima, na ninyi mliothubutu kuniita. Anayesema sikuchoma maji, anakosea. Niliyachoma. Anayesema niligundua mafuta, naye anakosea. Kosa langu ni kunyamaza, na hilo nimelibeba. Kujaribu sikuombei msamaha, na sitaacha. Mwanamke huyu wa Newala akipata mtambo mwingine kesho, atausuka tena.

Ninalowaachia ni hili. Mtu akiwaonyesha ajabu, muulizeni inalishwa na nini, hata kama ni mtu mnayempenda, hata kama ni mimi. Nimemaliza. Mwenye swali asimame aulize. Siendi popote.