Dawa ya Kuniamshia

Sogeeni, wanangu, wote wawili, na wewe Masudi zima hiyo simu, maana gari la kunikimbiza Dodoma silitaki tena. Utumbo umejisokota, daktari kasema nipasuliwe asubuhi hii hii, hapa hapa Chemba, na anayelaza wagonjwa usingizi katika hospitali hii ni mmoja tu, dada yako Mwantum. Mtazame analia pale dirishani, eti mkono wake hauwezi kumlaza baba yake. Utaweza, mama. Kazi hii niliifanya mpaka nikastaafu, wewe ukaipenda kwa kuniona mimi, na nikiondoka leo sitaki uiache kwa ajili yangu.

Najua unacholilia. Kunilaza hakukutishi, kinachokutisha ni kuniamsha. Ile dawa ya kuulinda moyo wakati wa kuamsha, glaikopiroleti, imekwisha stoo, imebaki atropini, na atropini sisi wazee inatupanda kichwani, mtu anaamka hajui yuko wapi. Ile nyingine haifiki kichwani, wala haiukimbizi moyo sana, ndiyo maana ungenichagulia hiyo, na ungechagua sawasawa. Lakini haipo! Basi usije ukaiogopa atropini mpaka ukanipa neostigmini peke yake. Neostigmini itanirudishia nguvu za misuli uliyoilegeza, kweli, lakini bila atropini ya kuushikilia, moyo utapunguza mapigo hata unaweza kusimama. Zichanganye zote mbili katika bomba moja, sukuma taratibu huku ukiangalia mapigo, na mpira wa kupumulia usiutoe kooni mpaka niinue kichwa mwenyewe.

Enzi zetu, jamani, atropini ndiyo tuliyokuwa nayo, nyingine hatukuijua. Mgonjwa anaamka mdomo umemkauka, analilia maji, nami nalowesha pamba namgusisha midomoni. Ndivyo nilivyompata mama yenu. Zaitun aliletwa kutoka huko milimani Kondoa, anaumwa kidole tumbo, binti mbichi, na alipozinduka akanidhania kaka yake, akanifokea kwa nini mbuzi hawajafunguliwa na jua limeshapanda. Nikamwambia, "Haya, dada, nakwenda." Wagonjwa wetu hatukubishana nao, tuliwaitikia wakatulia. Kesho yake wenzake walipomsimulia akajifunika kanga gubigubi, na mimi, bila haya, nikarudi wodini kumwambia mbuzi wameshiba. Loo, alivyocheka! Hata tulipozeeka, nikichelewa kurudi nyumbani aliniuliza mlangoni kama mbuzi wameshiba. Nimemkumbuka, wanangu, nimemkumbuka mno.

Sasa sikilizeni ya mali, si mengi. Shamba la alizeti ni la Masudi, nyumba ni ya Mwantum. Kiwanja cha Msalato ni chenu wote. Tangu zianze habari za uwanja wa ndege wa huko, bei ikapanda, hamsalimiani, mpaka mama yenu akawa anawapikia sikukuu kila mtu na siku yake, na amekufa hamjapatana. Iliniuma, na bado inaniuma. Msikiuze wala msikijenge kabla hamjala sahani moja, mbele ya watu. Na jirani yetu Elieza, ng'ombe wake waliomaliza alizeti yangu nimemsamehe, mwambieni. Ila mwambieni pia lile zizi alizibe, asiwaletee na nyinyi balaa.

Ngoja... ngoja nipumue. Hapana, maji nimekatazwa. Masudi, chukua pamba, ilowesheni, mniguse tu midomo. Mshikie dada yako bakuli. Ee, hivyo hivyo. Mungu awaweke pamoja kama mlivyosimama hapo, awape watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza mimi.

Nisipoamka, nizikeni Kondoa, ubavuni kwa mama yenu. Nikiamka na akili zangu, alhamdulillahi, tutakula wote hiyo sahani. Lakini nikiamka atropini imenichukua, nikawa namwita Zaitun... msiniambie amekufa. Sitaki kufiwa mara ya pili. Mwantum, sauti yako ni yake. Niitikie wewe. Nikikuuliza habari za mbuzi, mama... niambie wameshiba.