Aliyegeuka Langoni: Historia ya Bibi Xue Guilian

Ndugu, majirani, wasanii wenzangu, na nyinyi wote mlioacha mashamba na maduka asubuhi hii mkaja hapa Xuejiawan, mimi ni Xue Fuquan, mdogo wake marehemu na mpiga ngoma wake tangu ujana wetu, na watoto wake wamenipa karatasi niwasomee, karatasi nzuri yenye tarehe zote, ila wameliruka jambo moja, na nyinyi mnalijua, maana hata leo wakati wa kula tambi nimewasikia pale mezani mkilianza tena, huku huyu anasema aligeuka vizuri, yule anasema alitutia aibu, na bakuli za siki zikisukumwa huku na huku kana kwamba marehemu hayupo ndani ya nyumba.

Basi nasema mapema, asije mtu akalalamika kwamba ameshtukizwa, kabla jeneza halijatoka getini nitawaambia ni nani hasa aliyenyamazisha ngoma siku ile. Mzee Bai, kaa chini, nitafika huko.

Marehemu Xue Guilian alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika nyumba yetu ya zamani, ile iliyochimbwa ukingoni mwa kilima nyuma ya kinu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Xue Delu, mtengeneza tofu, na marehemu mama yetu wa ukoo wa Niu. Wa pili aliishi siku arobaini tu, na wa tatu ndiye mimi, niliyezaliwa mwaka 1947 na kubebwa mgongoni kwake mpaka nilipokuwa mzito kumshinda, kama alivyopenda kuwaambia wageni mbele yangu hata nilipokuwa na wajukuu.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwezi Septemba 1951 akasoma miaka mitano, na mwalimu wake aliandika katika taarifa kwamba mtoto huyu anajua kusoma lakini darasa la jirani halipati nafasi ya kujifunza, kwa sababu ya sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa shuleni, kwani tarehe 2 Septemba 1956 mkuu wa kundi la opera la tarafa alikuwa akipita barabarani akamsikia msichana anamgombeza punda wa kinu, akasimama, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani akamwambia baba, "Huyu mtoto nipe mimi, punda huyu hamstahili."

Akafundishwa nafasi ya mzee mwenye ndevu, naye ana miaka kumi na miwili na ndevu zinamfika kiunoni, akaimba kila alfajiri akiukabili ukuta wa ghala ili ajisikie sauti inavyorudi, akatembea na bakuli la maji kichwani, na tarehe 14 Februari 1960 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza kama hakimu mzee. Watu wakaanza kumwita Babu Guilian, jina alilolibeba kwa fahari, mpaka akawa anajibu kwa sauti ya kizee hata sokoni anaponunua vitunguu. Mimi nilijiunga na kundi mwaka 1962 kujifunza ngoma ndogo, na wasiojua kazi yetu nawaambia kwa ufupi kwamba huyu mpiga ngoma ndiye anayewaongoza wote, akipiga wanapiga, akiacha wanaacha, mazeze, patu, matoazi, wote wanamtazama yeye, na yeye anamtazama mwimbaji peke yake.

Mwaka 1966 michezo ya zamani ilipigwa marufuku, ndevu zetu zote zilichomwa uwanjani kwa siku moja, na marehemu akapelekwa tanuru la matofali, alikofanya kazi miaka kumi na miwili. Huko ndiko alikokutana na fundi Hou Mancang, mtu mpole asiyeongea, wakafunga ndoa tarehe 20 Januari 1968, wakajaliwa watoto wawili, Jianwu aliyezaliwa mwaka 1970, na Caixia aliyezaliwa mwaka 1973, wote mnawaona hapa wamevaa nguo nyeupe za msiba. Shemeji yetu Mancang alitutoka mwaka 2009, na marehemu alisema ndoa yao ilidumu kwa sababu nyumba moja haihitaji watu wawili wenye sauti.

Mwaka 1978 opera iliporudi, Babu Guilian alirudi jukwaani akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, na sauti haikuwa imeharibika hata kidogo, wengine walisema moshi wa tanuru umeitia chumvi. Sasa nafika.

Tarehe 18 Aprili 1984, mchana, siku ya gulio la hekalu letu, kundi lilicheza Lango Lililofungwa, mchezo ambao kila mtu hapa anaujua tangu tumboni, mkuu wa ngome mzee ambaye mwanawe ametoroka utumwani kwa adui na sasa analia nje ya lango afunguliwe, adui wakiwa nyuma yake, na baba kwa ajili ya ngome nzima hawezi kumfungulia. Lango ni kitambaa cheusi kilichoshikwa na watu wawili. Mzee anasimama amelipa lango mgongo, anaimba beti arobaini akiwatazama watazamaji, kisha anaondoka bila kugeuka. Kutogeuka kwake ndiko mchezo wenyewe. Babu zetu waliuona hivyo, na baba zao, na mimi nilikuwa mtu wa kutogeuka na mpaka leo ni mtu wa kutogeuka, sitawadanganya kwa sababu ya msiba.

Kwenye ubeti wa thelathini na mbili, dada yangu akageuka. Aligeuka polepole, akalitazama lango, akaweka kiganja kwenye kitambaa, na ngoma ikanyamaza, na iliponyamaza ngoma, mazeze yakanyamaza, patu zikanyamaza, pakawa kimya katika uwanja wenye watu zaidi ya elfu mbili, kimya cha muda wa kumenya yai, hata watafuna mbegu wakaacha kutafuna. Kisha akaimba beti nane zilizobaki bila chombo chochote, sauti tupu, mgongo kwa watu.

Mnakumbuka kilichofuata. Upande wa mashariki wa uwanja wakasimama wakapiga kelele "Vema! Vema!" mpaka njiwa wa paa la hekalu wakaruka, na upande wa magharibi wakapiga ile vema ya kupinduka, ile tunayompa mwimbaji aliyekosea, ndefu, ya puani, "Veeeema weee!", wakarusha maganda ya mbegu na vipande vya mikate, na wazee wakabeba vigoda vyao wakaondoka wakitema mate. Mwalimu Jing Yulan alikuwa analia waziwazi, akisema, "Maisha yangu yote nimengoja mzee huyu ageuke!" Mzee Bai Shouren, wakati huo akiwa kijana muuza siki, akamjibu, "Basi subiri na jua lichomoze magharibi, mwalimu, maana leo kila kitu kinageuka!" Tangu hapo kijiji kikawa na watu wa Geuka na watu wa Usigeuke, Mzee Bai akagoma kumuuzia mwalimu siki kwa miaka saba, na harusi mbili nazijua zilivunjika kwa swali hilo hilo.

Ila nisikilizeni, pande zote mbili mlikubaliana juu ya jambo moja. Watu wa Geuka walisema kile kimya ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, ni ubunifu mkubwa. Watu wa Usigeuke walisema kugeuka wangeweza kumsamehe, lakini kuinyamazisha ngoma mbele ya mungu wa hekalu ni kiburi kisichosemeka. Jioni hiyo hiyo kamati ya hekalu ikatuita, ikauliza ni nani aliyeamuru ngoma inyamaze, na dada yangu, kabla sijafungua mdomo, akasema, "Ni mimi, nilimwambia Fuquan akiona nimegeuka aache." Akapigwa faini yetu ya desturi, kuuimba mchezo huo huo siku tatu mfululizo kama inavyopasa, akauimba, hakugeuka hata mara moja, sauti imemkauka siku ya tatu mpaka anatema damu kwenye leso.

Afisa wa utamaduni wa wilaya alikuwepo siku ile ya kwanza. Alikuja kumchukua mtu mmoja tu kutoka kundi letu ampeleke kundi kubwa la mjini, kazi ya kudumu, nyumba ya matofali, shule ya mjini kwa watoto, na asubuhi yake alikuwa ameshamwambia dada yangu afungashe. Baada ya kamati akasema mwimbaji anayejiamulia ya muziki peke yake hafai kundi la mjini, akapanda gari akaenda zake. Dada yangu akabaki hapa, akiimba kwenye magulio na mazishi ya watu mpaka mwaka 2011, Jianwu akaingia tanuru la matofali kama baba yake, Caixia akaacha shule akiwa na miaka kumi na tano.

Ndugu zangu, dada hakuniambia ninyamaze. Hatukupanga lolote. Mimi nilikuwa na kinyongo tangu asubuhi, kwamba anachukuliwa yeye na mimi naachwa, mimi niliyemwongoza kila ubeti, na alipogeuka bila kuniambia nikasema moyoni, haya, jifanyie mwenyewe basi, nikaweka vijiti chini. Nilitaka aumbuke. Ulikuwa ni uchoyo na kijicho, hakuna ubunifu wala kiburi cha mtu yeyote mle ndani, na uzuri wote mliouona pale aliutengeneza yeye peke yake, akiwa ameachwa.

Nanyi wasanii mnajua, wengine niwaeleze, kwamba mwimbaji akikosea anaimba faini yake mambo yanaisha, lakini mpiga ngoma akimwacha mwimbaji jukwaani kwa makusudi, vijiti vyake vinavunjwa mbele ya watu, na hakuna kundi katika bonde zima litakalomkalisha tena. Mimi nilikuwa na watoto wanne. Nimepiga ngoma baada ya siku ile miaka thelathini na minne, nimeheshimiwa, nimefundisha wanafunzi, mwaka 2018 nimestaafu nikaagwa kwa shada la maua, na mwalimu Jing mwenyewe aliwahi kunishika mkono akanisifia kimya changu, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Marehemu alipata kiharusi tarehe 3 Juni 2021, akapona mguu lakini sauti haikurudi ilivyokuwa, na mwezi Septemba mwaka huu mapafu yakaanza kujaa maji, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 21 Oktoba 2024. Mchana wa tarehe 4 Novemba nilikaa naye peke yangu, nikamwambia, "Dada, ile siku ya lango," akanikatiza, "Najua. Ulikuwa unahema kwa hasira mpaka nakusikia toka jukwaani." Nikamuuliza kwa nini basi alibeba yeye, akaniambia, "Wewe ulikuwa na midomo minne ya kulisha, Fuquan, na mimi nilikuwa na sauti. Nilidhani sauti itanitosha." Nikamuuliza na kugeuka je, kwa nini uligeuka, maana hilo nalo limenikaa kooni miaka arobaini, akacheka kidogo, akasema yule aliyeigiza mtoto siku ile alilia vizuri mno, ungekuwa wewe ungefanyaje. Nikamwambia mimi nisingegeuka. Akasema, "Ndiyo maana ulipewa ngoma." Alifariki tarehe 6 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini, ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Jianwu, Caixia, nisameheni au msinisamehe, sitawaomba mbele ya watu mkalazimika kuitikia, tutaongea nyumbani. Watu wa Geuka na Usigeuke, endeleeni kubishana juu ya kugeuka, hata yeye alikuwa anafurahia, lakini kile kimya kitoeni kwenye jina lake, kiandikeni kwangu.

Kwa niaba ya ukoo wa Xue na wa Hou tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku kumi na saba na kuvumilia alivyokuwa akiwagombeza kwa sauti ya hakimu, majirani mliobeba maji na kupika tangu juzi, wasanii wenzake mliokuja na ala zenu bila kuitwa, mwalimu Jing uliyemsomea kila Jumapili tangu alipougua, na Mzee Bai, ambaye ameleta mitungi miwili ya siki leo na hakutaka nitaje.

Nimemwomba binti anayeongoza ngoma siku hizi aniachie kiti, naye amekubali kabla hajajua niliyoyasema, akitaka kukirudisha atasema. Nimezeeka, lakini kutoka getini hadi shamba la ngano si mbali. Tukishafukia, wazee wa kundi, vijiti hivi vivunjeni pale pale mbele ya watu, ni haki yenu na nimechelewa miaka arobaini, ila nawaomba mnivumilie mpaka kaburini. Dada, haya, tangulia, pumzika kwa amani, geuka utakapotaka kugeuka, mimi niko nyuma yako na sitaacha kupiga.