Aliyehema Nyuma Yangu Shambani

Bwana asifiwe! Wale wa huko nyuma pia, Bwana asifiwe! Mnanijua, Mama Kariuki wa Mweiga, yule wa viazi. Jina la kuzaliwa ni Nyambura, na ndilo limenisimamisha hapa.

Nilirithi jina la nyanya, mamake baba. Nyanya alianguka shambani akichimba viazi, ukungu umeshuka. Alipatikana ameshapoa, mkono kifuani.

Ndugu zangu, msimu uliopita nilikuwa kwa shamba hilo hilo, mchana, ukungu ukateremka kutoka milima ya Nyandarua nisione hata jembe. Kimya. Halafu nikasikia mtu anahema nyuma yangu, karibu na sikio. Nikageuka. Hakuna mtu! Moyo ukapiga mbio, vidole vikafa ganzi, midomo ikawa baridi. Nikajua mwenye jina amekuja kulichukua. Nikatupa jembe, mimi huyo!

Hali hiyo ikarudi. Sokoni, jikoni, hata hapa kanisani nikaanguka, nanyi mkapiga makofi ati nimejazwa Roho!

Wakati huo Kariuki wangu akapata binti wa kwanza. Kwa desturi yetu mtoto huyo hurithi jina la mamake baba, yaani ni mimi, anaitwa Nyambura. Nikakataa. Mke wake, Wanjiru, akalia: "Mama, kwani mtoto wangu amekukosea nini?" Ningesemaje kwamba naogopa kumpa mtoto kifo? Mtoto akakaa bila jina, tukimwita tu Katoto. Niliumia sana.

Siku nyingine nikaanguka mbele ya Wanjiru. Pamoja na uchungu wake, akanipeleka hospitali Nyeri. Nikapimwa. Daktari akasema, "Mama, moyo wako ni mzima. Hii ni hofu ya ghafla. Mwili unajitayarisha kupigana na kitu kisichokuwepo, kama mbwa akibwekea upepo. Inapanda, halafu inashuka. Usiikimbie. Toa pumzi polepole."

"Na yule anayehema?"

"Ni wewe, mama."

Nilikasirika! Nikamwambia Mungu, kama ni kweli, nionyeshe. Nikarudi shambani, ukungu ukashuka, na pumzi ile ikaja. Lakini sikukimbia. Nikakanyaga udongo, nikashika jembe, nikamwita Yesu, nikatoa pumzi polepole. Na yule wa nyuma akapunguza kuhema. Nikafunga mdomo, nikabana pumzi. Akanyamaza.

Ndugu zangu, alikuwa mimi! Nililia pale katikati ya viazi. Nyanya wa watu hakuwa na neno na mimi.

Sidanganyi, siku zingine hofu bado huja. Inanipata nimesimama, inapita. Kama uko hapa na unasikia wako akihema, usijifiche. Njoo tuombe, halafu twende hospitali. Mungu yuko kote kuwili. Mwamini!

Sasa Wanjiru, mlete mtoto. Usilie, mama. Mchungaji, mwekee mkono umbariki, na jina ulitaje kwa sauti, hata walio nje wasikie. Anaitwa Nyambura.