Zawadi ya Miaka Minane

Mbele ya duka la vitabu mtaani Komarock kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Upande huu hukaa Ondiek, mlinzi mstaafu wa treni, ambaye mtaa mzima humwita Gadi. Upande ule ni Kilonzo fundi viatu, au Soli, na mbele yao Waruguru na birika lake la kahawa ya tangawizi. Jumamosi moja, saa saba mchana, Phares alikuja akaketi katikati yao, mkononi ana kadi iliyochorwa kwa kalamu za rangi. Lorraine wa ploti ya jirani alikuwa akitimiza miaka minane, keki saa tisa. Kadi ilisema: “Baba Perez, njoo.” Perez, mtoto wa Phares, ndiye aliyekuwa rafiki wa Lorraine. Walimzika mwezi wa nne, homa ya mapafu, akiwa na miaka saba. Tangu siku hiyo kijiwe hakikuwahi kulitamka jina lake, ila likiwa limefungwa kwenye jina la baba yake.

— Nataka zawadi ya mtoto, Phares akasema. Isinipasue mfuko.

— Wa miaka mingapi? Gadi akauliza, kana kwamba hajui.

— Nane.

— Hapo ndipo watu hukosea. Wa mwaka mmoja, mpelekee mama yake kipande cha sabuni. Mtoto mwenyewe hata hajui amezaliwa.

— Na wa mitatu ni jembe, Soli akadakia. Wahenga hawakubahatisha: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Waruguru alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Alime wapi, Soli? Kwa lami?

— La plastiki, mama, na kandoo kake. Wacha ujuaji.

Phares akatabasamu kidogo. Umri wa miaka mitatu aliujua. Perez alikuwa akigonga vifuniko vya sufuria na kuviita kanisa. Wa mitano aliujua pia, ni riboni na shanga. Mwaka jana Perez alimchagulia Lorraine kamba ya kuruka, akairuka njia nzima, ikafika kwa mwenyewe imejaa vumbi. Kila umri Phares alikuwa na jibu lake, kama mtu apandaye ngazi za kwao gizani. Lakini ngazi zake ziliishia ya saba. Hakuwahi kuishi na mtoto wa miaka minane.

— Wa minane mpe kifaranga, Soli akasema. Akifika kumi ana boma la kuku. Akifika kumi na nane anajilipia chuo.

— Na keateka anayesimamia ploti, atakubali kuku? Waruguru akauliza.

— Keateka ni mayai mawili kila Ijumaa. Ananyamaza.

— Wee Soli ni bure kabisa! Gadi akapiga goti lake. Mpe mche wa avokado, kwa debe. Siku akiolewa, wageni wanakula kivulini. Haraka haraka haina baraka.

— Avokado gorofa ya nne, Gadi? Soli akauliza.

— Litatokea dirishani! Sisi wa reli tulipanda moja ndani ya behewa. Kufika Kisumu, limezaa.

— Uongo mchana kweupe! Soli akacheka.

Waruguru hakucheka tena. Alimwekea Phares kikombe mkononi.

— Baba Perez, kwani ni lazima uende? Zawadi iache mlangoni kwao kesho. Hakuna atakayekulaumu.

— Kadi aliileta Lorraine mwenyewe, Waruguru. Nilifungua mlango, akanipa, halafu akachungulia nyuma yangu, ndani ya nyumba.

Gadi, ambaye kimya humwasha kama upupu, akaharakisha kusema:

— Basi enda, bwana, enda. Asiyekuwepo na lake ha...

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Soli akainamia kiatu kisichokuwa na kasoro.

— Nisamehe, omera, ndugu yangu. Mdomo huu wangu.

— Hukusema uongo, mzee.

Waruguru akavuta pumzi.

— Mimi nimelea wanne, Baba Perez. Wa miaka minane huanza kuwa na siri.

— Siri gani?

— Za bure tu. Nani amekosana na nani. Lakini anakuficha, na ukicheka analia.

Phares akajaribu kumwona Perez akimficha jambo. Akajaribu tena. Kila mara mtoto alikuja mbio akiwa na habari zote mdomoni.

Akainuka, akaenda kwenye dirisha la duka, akaonyesha kwa kidole daftari lenye kufuli dogo. Lydiah, msichana aliyeanza kazi hapo Alhamisi, akalifunga kwa karatasi ya kung'aa, kona kwa kona, utepe wa gundi akiukata kwa meno. Kisha akachukua kalamu na kibandiko cheupe.

— Imetoka poa, eh? Nimesikia wakikuita Baba Perez, akasema akitabasamu. Niandike imetoka kwa Perez?

Phares akageuka, akawatazama wenzake. Gadi akamtazama Soli. Soli akamtazama Waruguru, naye birika lake lilikuwa limeinama juu ya kikombe kilichokwisha kujaa.

Lydiah akadhani hakusikika. Akauliza tena, kwa upole zaidi.